Bastola ya Alhamisi

Mtu akikukabidhi kitu huku macho yake yanakimbia, muulize kwanza ana haraka gani. Faraji hakuuliza. Alilelewa vizuri mno, masikini, na malezi mema ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa dereva wa kafili mmoja, yaani tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, kule Al Rayyan, Ghuba, mwaka wa saba sasa. Kwao ni Pangani, alikomwacha mkewe Latifa na binti yao Rukia wa miaka tisa. Kafili wake alipenda silaha za kale kuliko wengine wanavyopenda farasi. Ukuta mzima wa majlisi yake, sebule ya wageni, ulikuwa kabati la kioo: majambia, panga, magobori ya mababu. Siku moja Faraji akajigamba kwamba alipitia JKT, na bunduki anaisafisha hata akiwa amefumba macho. Mdomo uliponza kichwa. Tangu siku hiyo kazi ya kufuta kutu ikawa yake, juu ya ile ya usukani.

Basi Alhamisi moja ya mwaka 2012, jua limeshaanza kushuka, akatumwa mtaa wa Al Sadd kuchukua bastola. Kafili alikwisha kumalizana na mwenyewe kwa simu. Kilichobaki ni kuibeba na makaratasi yake, akirudi apitie mkate.

Mlango wa ile fleti ulifunguliwa kabla hajabisha.

Ndani kulinukia udi. Na chini ya udi... baruti. Faraji aliijua harufu ile tangu jeshini, akashangaa nani alikuwa akipiga risasi orofa ya tatu katikati ya maduka.

Aliyefungua alikuwa mzee Mmanga, Abdulrahman kwa jina, mkavu, na Kiswahili chake kile cha Unguja mjini kabisa. Alizaliwa huko, akahamia Ghuba kijana. Faraji alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelia. Ukutani zilitundikwa picha sita: wanawake wawili, vijana watatu, mtoto mchanga mmoja. Faraji akauliza kama hao ndio jamaa. Mzee akasema ndiyo, wametangulia wote.

Bastola ilikuwa mezani juu ya kitambaa. Ya Kiingereza, imepita miaka mia, mpini wa mti mwekundu uliosuguliwa na viganja vya watu. Ilikuwa ya silinda inayozunguka, yenye matundu sita. Matundu yote sita yalikuwa meusi ti kwa masizi. Faraji akasikitika moyoni, mtu mzima vipi anakiacha kitu kizuri kiharibike hivi?

Mzee aliinyanyua kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Nakukabidhi. Umekubali?"

"Mimi nimetumwa tu, mzee wangu. Mwenyewe ni kafili."

"Kafili wako ataipaka mafuta?"

"Hapana. Nitaipaka mimi."

"Basi nakuuliza wewe. Umekubali?"

Adhana ilikuwa karibu. Sasa mtu wa Pangani atamwacha mzee amenyoosha mikono hewani? Faraji akainama kidogo, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na mama yake.

"Nimekubali, babu."

Mzee akashusha pumzi ndefu... ndefu... kama aliyetua gunia. Kisha akamnong'oneza sikioni. Mafuta kila Alhamisi, kabla ya adhana ya magharibi, asipitishe hata mara moja. Na akiulizwa ni ya nani, asiikane.

Faraji aliona ni maneno ya uzee. Alipofika kwenye gari ndipo akahisi kwamba chuma kile kina joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu.

Usiku ule aliifungua, akapitisha brashi ya shaba na mafuta. Masizi ambayo alidhani yangemchukua wiki yakatoka kama unga. Matundu yote sita yakabaki yanang'aa. Kafili akafurahi, akaiweka katikati ya kabati.

Miezi miwili ikapita, na Faraji hakukosa Alhamisi hata moja. Si kwamba aliogopa, la. Alikuwa mtu wa utaratibu. Jua likianza kushuka anaingia majlisi, anatandika gazeti, anafuta mtutu, anatia tone moja moja kwenye kila tundu, anazungusha silinda. Ka... ka... ka... Sauti nzuri, ya kitu kilichotengenezwa na mtu aliyejua kazi yake. Lililomkera ni ile harufu ya baruti tu, maana nyumba nzima haikuwa na risasi hata moja.

Kisha ikaja Alhamisi aliyompeleka mama wa nyumba West Bay kumtazama mgonjwa. Kurudi, magari yamekwama, hayaendi mbele wala nyuma. Adhana ikamkuta barabarani.

Alipoingia majlisi alisikia harufu tangu mlangoni, nzito, mpya. Akaishika bastola. Ilikuwa ya moto.

Tundu moja lilikuwa jeusi.

Asubuhi Latifa akapiga simu, analia hata maneno hayatoki. Abdallah, mdogo wake Faraji, alikuwa amekaa barazani jana magharibi anasubiri chai. Akasema "aah", akashika kifua, akaanguka. Hakuwa na jeraha. Ila walioosha maiti walikuta alama nyeusi kifuani, ya mviringo, upana wa kidole. Waliisugua kwa sabuni, kwa ndimu, haikutoka. Wakamzika nayo.

Faraji alienda Al Sadd mbio. Bawabu wa jengo akamwambia yule mzee alifariki siku ileile aliyouza bastola, kabla ya isha, amelala kwa raha kama mtoto. Jamaa wa kumzika hakuwa nao. Sita wote walikwishatangulia, kila mmoja kwa kifo cha ghafla.

Sita. Faraji akasimama pale ngazini, akahesabu watu wake. Mama. Shangazi. Dada. Latifa. Rukia. Walibaki watano, na matundu yaliyobaki yalikuwa matano. Akakaa chini mbele ya bawabu bila haya.

Aombe ruhusa arudi kwao? Pasi ilikuwa kwa kafili, na bila kibali chake mtu hatoki nchi ile. Hata angetoka, Alhamisi nani angeipaka? Aitupe baharini? Huo ni wizi wa silaha, na jela ndiyo Alhamisi ngapi? Akajaribu kumkabidhi kafili mwenyewe. Alimwendea na bastola juu ya viganja viwili, akamwomba aipokee. Kafili, bila kuinua macho kwenye simu, akaonyesha kwa kidole: weka pale. Ndipo Faraji alipogundua kwamba kwa miaka saba kafili hakuwahi kupokea kitu mkononi mwake, wala chai, wala funguo. Kila kitu kiliwekwa pale.

Alimweleza Githinji, askari wa getini, Mkenya wa Nyeri. Githinji akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hiyo ni stress bro, na pole kwa brathe. Faraji alimwangalia viganja vyake vikubwa. Angeweza kumwambia "hebu nishikie", naye angepokea akicheka, maana ni mtu mwema. Lakini Githinji naye ana mama na watoto kule Nyeri. Faraji akaaga, akaenda zake. Na hapo nampa heshima yake, maana wengine tungefanya.

Joto la Juni likaingia. Jumatano moja kafili na familia yake wakajiandaa kwenda Ulaya kwa miezi miwili. Faraji alipopakia masanduku akaona majlisi imefungwa, king'ora kimewashwa, funguo ziko mfukoni mwa kafili. Akamwomba amwachie, kwa ajili ya kupaka mafuta. Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu.

Kafili akacheka. "Faraji, bastola haifi njaa."

Ndege ikaruka.

Alhamisi alasiri Faraji alisimama nje ya kioo cha majlisi, chupa ya mafuta mkononi. Jasho likimtiririka, nguo imegandia mgongoni. Kupitia kioo aliiona, katikati ya kabati. Akampigia Latifa, akamwuliza Rukia yuko wapi. Yuko uani anaruka kamba, mbona unahema hivyo? Akamwambia amwingize ndani. Latifa akauliza kwa nini, naye akakata simu.

Saa kumi na mbili kasoro robo, akaokota jiwe la bustani.

King'ora kililia mtaa mzima. Hakujali. Alikaa chini katikati ya vioo, akafungua silinda, akapaka. Tundu la kwanza, la Abdallah, ambalo halikutakata tena. La pili. La tatu. La nne. La tano. La sita. Akafuta mtutu, akafuta mpini, akabusu chuma kile akilia na kucheka. Adhana ilikuwa bado. Amewahi. Jamani, amewahi!

Polisi walimkuta hivyohivyo, amekaa, bastola mapajani.

Wakaichukua wakaiweka mezani. Wakamtia pingu. Simu yake wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, wakauweka kando ya bastola. Ofisa alikuwa kijana mpole tu, hakupiga kelele. Akamwita Githinji amtafsirie. Akauliza jina, Githinji akajibu. Akauliza kazi. Akauliza vioo vimevunjwa na nani, Faraji akakiri ni yeye. Nje jua lilikuwa limegusa kuta.

Kisha ofisa akanyoosha kidole mezani.

Githinji akatafsiri, "Anauliza hii bunduki ni ya nani."

Mtu ukikaa miaka saba kwenye nyumba ya watu, kuna jibu moja unalolizoea. Gari hili la nani? La kafili. Chumba hiki? Cha kafili. Hata simu ya mfukoni, askari wa barabarani akikuuliza. Jibu hilo halipiti kichwani. Linatoka lenyewe, kama kuitikia salamu.

"Ya kafili," Faraji akasema.

Akasikia alichokisema. Akafungua mdomo akirudishe... "Hapana! Yangu! Mwambie ni yangu, Githinji, mwambie ni yangu..."

Githinji akamtazama kwa huruma. Kutamka neno hilo mbele ya polisi ni kumfunga rafiki yake miaka kumi. Akamgeukia ofisa. "Amesema ni ya bosi wake."

Ka...

Mezani, pasipo mkono wa mtu, silinda ilizunguka tundu moja.

Wote waliisikia. Ofisa alirudi hatua nyuma. Harufu ikajaa chumbani, kali, ya kuchoma macho. Nje, msikiti wa jirani ukaanza kuadhini.

Ofisa akafungua silinda na kutia ncha ya kidole. Kikatoka cheusi.

Matundu mawili.

Ndani ya mfuko wa plastiki simu ikawaka. Latifa. Ikaita. Faraji akajitupa mbele, polisi wawili wakamshika mabega, akapiga kelele wampokelee tu, wamwambie tu ni nani, mama yake au nani, wamtajie jina moja tu. Githinji akamwomba ofisa. Ofisa akatikisa kichwa, hicho ni kielelezo cha kesi, hakiguswi.

Ikaita mpaka ikakatika.

Wakamtoa nje kumpeleka kwenye gari. Alipofika getini aliisikia nyuma yake, juu ya ile meza, inaanza kuita tena.