Uzi wa Ukuta wa Vranigrad

Jua lilikuwa limeshapita utosi, na vivuli vya wachimbaji vilianza kurefuka juu ya makaburi ya kale ya ngome ya Vranigrad, lakini kivuli cha Kalina kilikuwa kinapungua. Neyko, msukuma toroli la udongo, ndiye aliyeona kwanza.

"We Kalina, kivuli umekisahau wapi?" akamtania. "Au jana ulikinywesha rakia, kimebaki kilabuni?"

Watu wakacheka. Zlatina, dada yake Kalina na mkuu wa uchimbaji ule, hakucheka. Alitazama miguuni pa mdogo wake, akaona doa jeusi lisilozidi sinia.

Alijua yalikoanzia. Juzi walibomoa kona ya ukuta wa ngome ili wafikie kaburi lililopita chini yake. Katika jiwe la msingi palikuwa na tundu, na tunduni kijiti kilichozungushiwa uzi mwekundu. Mtoto yeyote wa milima ile angekitambua. Waashi wa zamani walikuwa wakimvizia mtu, wanapima kivuli chake kwa uzi, wanauzika uzi ule msingini ili ukuta usianguke. Aliyepimwa hakumaliza siku arobaini, na roho yake ikawa talasam, jini la kulinda ukuta. Zlatina alisimuliwa hayo na bibi yake tangu utotoni, lakini usomi nao una kiburi chake. Aliukunjua uzi, akaunyoosha juu ya kivuli cha Kalina kilicholala juu ya mawe.

"Ona! Umekutosha kama umeshonewa!" alisema, na Kalina akacheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo Kalina hakuonja chakula. Sasa walimshusha kijijini, wakamlaza katika nyumba waliyopanga, naye alikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Dada," alinong'ona, "kuna mtu anajenga."

"Wapi, mpenzi?"

"Kifuani mwangu."

Zlatina akaweka sikio kifuani pale, akitaka sana asisikie kitu, akasikia mwiko wa mwashi ukigonga jiwe, ukikwangua, ukigonga tena, na harufu ya chokaa mbichi ikapanda kutoka katika nywele za mdogo wake, chokaa ya kuta ambazo hakuna aliye hai aliyeziona zikijengwa, ikamjaa puani na kooni hata akashindwa kuita mtu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Neyko alikimbia kumleta Bibi Stamena, mganga wa kijiji. Bibi aliingia na kishada cha mrehani na bakuli la maji, akanusa mara moja, akapiga ishara ya msalaba na kuliweka bakuli chini.

"Nichinje jogoo, bibi?" Zlatina aliuliza kwa sauti ya chini. "Nimzike pale msingini?"

"Jogoo wa nini, mwanangu? Talasam huyu haombi damu ya kuku. Ana kisasi huyu. Waliompima walikula, wakanywa, wakafia vitandani mwao. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja mkono mwingine wa mpimaji. Mdogo wako ni chambo tu."

"Basi nipime mimi. Twende ukanipime."

"Mkono wangu huu? Thubutu! Aliyeshika uzi ndiye anayeitwa."

Zlatina alimbusu Kalina kwenye paji la uso, akachukua kile kijiti, akapanda ngomeni peke yake kabla jua halijatua. Pale konani palinuka chokaa mbichi. Alipoinama, sauti ya msichana ikatoka tunduni, imekauka kwa chuki.

"Pima. Nami nilipimwa nikicheka."

"Mwachie mdogo wangu."

"Pima!"

Akaunyoosha uzi juu ya kivuli chake mwenyewe, kutoka kisiginoni hadi kichwani, huku machozi yakimdondoka juu ya mawe, na uzi ule ambao juzi ulimtosha Kalina sasa ukarefuka mikononi mwake hadi ukamtosha yeye. Akauzungushia kijiti, akakirudisha tunduni, akaziba kwa jiwe.

"Zlatina!" Neyko alikuwa anapanda njia, anahema, uso umemjaa furaha. "Kalina ameamka! Anadai mkate na jibini, anatutukana tumechelewa!"

Zlatina alilia kwa furaha, hakuona haya. Akateremka kumfuata, jua likiwa mgongoni mwake. Mbele yake misonobari ilikuwa imelaza vivuli virefu hadi bondeni, na mbuzi wa jirani kila mmoja alikuwa na chake.

Neyko akafungua kinywa ili amtanie. Akatazama chini, miguuni pa Zlatina, akakifumba.

Zlatina alikuwa amesimama, mkono kifuani, akisikiliza jiwe la kwanza likigongwa mahali pake.