Shangazi Ubaoni

Cherehani ilishafungwa kamba juu ya mkokoteni. Fundi, ndani ya gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya posa, alikuwa anamhimiza mwenye mkokoteni: "Twende, kaka. Mtaa huu unanitia kichefuchefu."

Simu ikaita. Mchumba wake, mwalimu wa hesabu.

"Mpenzi, unahama kwa ajili ya chaki tu?"

"Usiniite mpenzi. Nasikia kutapika."

Walikuwa wamekutana kwenye foleni ya duka la vitambaa. Muuzaji alitaka kumpunja, mwalimu akapiga hesabu kichwani, fundi akacheka. Mapenzi yakaanza hapo, na fundi akapanga chumba jirani naye.

Ikaja bajeti ya harusi. Ukumbi laki nne, chakula elfu tisa kwa kila mgeni, na walichonacho milioni moja na laki tatu. Mwalimu akaona swali zuri la darasani: laki nne, jumlisha elfu tisa mara idadi ya wageni, isizidi milioni moja na laki tatu. Kwa hiyo wageni wasizidi mia. Hadi hapo hana kosa. Lakini mwalimu anapenda kuchekwa. Akaongeza ubaoni: "Shangazi wa bibi harusi hula sahani tatu. Je, wageni wengine wasizidi wangapi?"

Darasa likaangua kicheko. Fundi alikuwa mlangoni, amemletea suruali aliyomtilia kiraka.

"Ulikuwa utani, jamani," mwalimu alibembeleza simuni.

"Utani gani wa kula nyama ya mtu? Yule alilala njaa ili mimi nishibe. Leo kwako ni sahani tatu?"

"Nimeshafuta."

"Umefuta ubao. Vinywa vya watoto umevifuta?"

Mwalimu akatokea mbio, jasho limechanganyika na vumbi la chaki hadi shingoni. Akaushika mkokoteni.

"Sikiliza, kipenzi. Nimepata jibu. Nawatoa rafiki zangu wawili, shangazi anabaki na sahani zake tatu. Hatuzidi!"

Fundi alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji. Akatema mate kando.

"Sukuma, kaka."

Fundi alirudi kwa shangazi yake, anashona sare za shule. Ukumbi haukurudisha malipo. Mwalimu alioa mwingine mwaka uliofuata, wageni sitini. Shangazi hakuambiwa kitu. Alimuuliza fundi habari za harusi yake mara mbili, kisha akaacha kuuliza.