Kilio Ndani ya Bomba

Mwangwi wa tatu haukurudi. Balaa lilianza hivyo, kwa mchezo tu, mchana kweupe.

Mke wa fundi bomba alimpelekea mumewe chakula kiwandani, mtoto wa miezi minne mgongoni. Fundi alikuwa upande wa zamani, ule uliofungwa tangu mitambo ya kusafishia mafuta izimwe, anakata mabomba chakavu. Mtoto analia. "Bosi kaja kukagua kazi," fundi akasema, akampakata, akamsogeza kwenye mdomo wa bomba kubwa. Kilio kikaingia, kikarudi. Kikaingia tena, kikarudi. Wakacheka. Mara ya tatu kikaingia, kimya, na mtoto akabaki mdomo wazi, machozi yanamtiririka, sauti hana.

Siku tisa zikapita hivyo. Pumzi yake inanuka mafuta ya taa. Analishika titi, analiachia. Daktari kamulika koo, haoni kitu, na mtoto anakwisha kama sabuni kwenye maji.

Siku ya kumi akaja mlinzi wa lango, yule waliyemwita Kikohozi.

"Shemeji, usinione mwehu. Mwanao analia kule ndani."

"Mwanangu si huyu hapa mgongoni?"

"Ndicho hicho kinachonitisha." Akapunguza sauti. "Kule kuna mwenyewe. Sauti ikimwingilia, anaiweka. Nendeni mkamwombe. Ila zitatoka nyingi, shemeji. Usiitikie mpaka uwe na hakika. Ukiitikia, umeipokea."

Wakaenda wote watatu, mama, fundi na Kikohozi, mtoto mgongoni, jua la utosi, wakapita matangi yaliyooza kwa kutu na ngazi zisizo na vidato, na kadiri walivyosogea harufu ya mafuta ilizidi kukaba ijapokuwa hapakuwa na tone la mafuta miaka na miaka, na chuma kikawa baridi chini ya jua lile, na kitu ndani ya mabomba kikawa kinatembea nao, wakisimama kinasimama, wakienda kinakwenda, hadi mama akafika kwenye ule mdomo mweusi, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nirudishie," akanong'ona. "Nakuomba. Ndiye huyu mmoja tu."

Kilio kikatoka. Cha mtoto mchanga, kikali.

"Subiri," mumewe akamshika bega. "Tumeambiwa tusubiri."

"Mtoto anakufa, baba, nisubiri nini? Abee, mwanangu. Mama nipo."

Papo hapo mgongoni mtoto akapasua ukelele. Fundi akalia kama mtoto mwenyewe, akabamiza kifuniko cha chuma kwenye mdomo wa bomba, akaanza kukaza nati moja baada ya nyingine.  Kikohozi alikuwa anarudi kinyumenyume.

Mama akaketi palepale, akamshusha mtoto mapajani, akamtolea titi. Mtoto akalidaka, akanyonya kwa nguvu hadi likauma, macho makavu yamemkodolea. Akanyonya, akanyonya, lakini maziwa hayakushuka. Titi limekauka kama jiwe.

"Woga tu," akajiambia. "Yatashuka."

Fundi akakaza nati ya mwisho.

Ndipo nyuma ya kifuniko, mbali sana, kikasikika kilio cha pili, chembamba, kilichochoka, kama cha mtu aliyeita siku kumi asiitikiwe. Na maziwa yakamtoka mama yule matiti yote mawili, yakalowesha blauzi, yakadondoka vumbini, huku mtoto aliye mapajani kaacha kunyonya, kamtazama.