Simu Kwenye Sufuria

Hedwiga na mumewe Zebedayo wanaishi Suji, juu milimani. Wana binti mmoja, Irine, na shamba la maharage kwenye mteremko. Mvua ikigoma, maharage hayo hutegemea ndiva, lile bwawa dogo la kijiji. Usiku ndiva huzibwa ili ijae. Alfajiri huzibuliwa, na maji hushuka kwa mfereji mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Asiyefika alfajiri, maji yake hupewa anayefuata. Hakuna kubembelezana.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Hedwiga. Alipofika kwenye ndiva, jua lilikuwa limeshachomoza. Maji yalikuwa yakiteremka kwa jirani.

"Shikamoo, mzee Aminieli," alimsalimu msimamizi wa ndiva.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa tena."

"Naomba hata nusu, mzee. Maharage yametoa maua."

"Nayaona, na nakuonea huruma. Lakini sheria ni ya wote. Njoo wiki ijayo, tena mapema."

Hedwiga alipitia shambani. Majani yalikuwa yamejikunja na maua yameanza kudondoka. Akikosa maji mara nyingine, mwaka huu hana cha kuvuna. Akakaa kwenye tuta, akalia.

Jirani yake Asteria, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Akaweka mundu chini.

"Mama Irine, kulikoni?"

"Simu imeniponza, dada. Naingia nayo kitandani. Kikundi cha kwaya hakilali! Nikimaliza ujumbe, nafungua video. Nasema hii moja tu, halafu nyingine."

"Hujui kwamba inaharibu usingizi?"

"Najua! Redio inasema. Zebedayo ananisema, na yeye mwenyewe anaangalia mpira shukani. Kujua najua, dada. Mkono ndio hausikii."

Asteria akacheka. "Mwanga wa simu unaudanganya ubongo kwamba bado ni mchana. Usingizi unachelewa. Tena hizo habari na vichekesho vinaamsha akili. Mwili ni kama ndiva. Usipoiziba usiku, asubuhi utazibua nini?"

"Sasa nifanyeje?"

"Usishindane na simu kitandani, utashindwa tu. Iache saa moja kabla ya kulala. Na ilale chumba kingine."

"Na alamu je?"

"Kwani leo haikuita?"

"Iliita. Niliizima bila kufumbua macho."

"Basi iweke sebuleni, ndani ya sufuria tupu. Itapiga kelele mpaka uinuke uifuate."

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Mkono wa Hedwiga ulipapasa chini ya mto.

"Unatafuta nini, kunguni?" Zebedayo akauliza.

Wakacheka, lakini Hedwiga alikasirika moyoni. Aliikasirikia kwaya, akamkasirikia Asteria, akaikasirikia hata sufuria. Hakuinuka kuifuata simu. Siku zilizofuata usingizi ukaanza kuja mapema, taratibu.

Alhamisi ikafika. Alamu ikalia ndani ya sufuria, nyumba nzima ikasikia.

"Mama, nani anapiga debe?" Irine akaita.

Hedwiga alikuwa ameshainuka. Mzee Aminieli alipofika kwenye ndiva, alimkuta amesimama na jembe lake.

"Leo umeniwahi," mzee akasema, na akatabasamu.

Wakaizibua ndiva. Hedwiga akashuka na maji, akiyaelekeza tuta baada ya tuta, mpaka tuta la mwisho likalowa. Alifurahi mno, akaimba peke yake.

Aliporudi nyumbani alikunywa chai, ndipo akasoma ujumbe wa kwaya. Ulikuwa mwingi.

"Kuna la maana?" Zebedayo akauliza.

"Mazoezi ni Jumatano."

"Si ni kila Jumatano?"

"Ndiyo hivyo."

Jioni, kabla ya kulala, Zebedayo alikwenda sebuleni akaiweka simu yake ndani ya sufuria, kando ya ile ya mkewe.

Hedwiga hakukosa zamu tena, na maharage yakajaa maganda. Siku ya kupika maharage mapya walimwita Asteria aje kula. Wageni walikuwa wengi, na sufuria kubwa ilikuwa moja tu, ile ya simu. Ikabidi simu zitafutiwe mahali pengine pa kulala.