Kibodi Iliyoandika Kwingine

Orodha ilikuwa imetoweka. Majina sitini na mawili ya wagonjwa waliosubiri upasuaji, yamefutwa saa nne asubuhi, kweupe kabisa, na chumbani alikuwemo mtu mmoja tu: karani wa masjala.

Inspekta alimkuta binti huyo ameketi, macho mekundu. Metroni wa hospitali alikuwa ameziba mlango mzima, na si kwa mkao tu, hata umbo lilimsaidia.

"Mtie pingu tumalize," alisema metroni. "Juzi upasuaji wa macho wa mama yake uliahirishwa, akanifokea mpaka wagonjwa wakaamka. Leo kalipiza."

"Kufoka nilifoka," karani alisema. "Lakini jina la mama limo humo humo. Nimfute mama yangu mwenyewe?"

Inspekta, mama wa makamo mwenye magoti yanayolalamika kuliko walalamikaji wake, aliitazama meza. Kioo kimoja. Kibodi moja. Kompyuta nne.

"Kibodi moja kwa kompyuta zote hizi?"

"Kama mume wa wake wanne, mama. Kisanduku kile ndicho kinachogawa zamu. Nikibonyeza kitufe hiki mara mbili, kioo na kibodi vinahamia pamoja kwenye kompyuta nyingine."

"Na leo?"

"Tangu nifike, kitufe kimegoma. Nikabonyeza namba nne kwenye kisanduku chenyewe. Kioo kikahamia ya nne. Nilitaka kufuta barua ya zamani. Nikachagua yote, nikafuta. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, kama ninaponda kitunguu saumu."

"Orodha ilikuwa kompyuta ipi?"

"Ya pili. Ndiyo niliyotoka, nikaiacha orodha wazi."

Inspekta alimsogezea kibodi. "Hebu andika neno. Lolote."

Karani akaandika. Kioo hakikuonyesha kitu. Inspekta akanyoosha kidole, akabonyeza namba mbili kwenye kisanduku. Kioo kikahamia kompyuta ya pili, na neno likawa limejikalia pale: *sikukusudia*.

Metroni alisogea kando, mlango ukapitika.

Inspekta alifungua daftari la matengenezo. Kibodi ilikuwa imekorofisha mara kumi na moja mwezi huo. Zote siku za zamu ya karani huyu. Siku za karani mwenzake, mzee mwenye kikohozi, haikukorofisha hata mara moja.

Kibodi gani hii inayochagua mtu? Akaagiza daftari la funguo la mlinzi, akalisoma, akatabasamu. Kisha akasema, "Niitieni fundi."

Fundi alikuja mbio, manukato yakimtangulia, shati limenyooshwa kama la bwana harusi. Alipomwona Inspekta, tabasamu likamganda.

"Kibodi ina shida, baba," Inspekta alisema.

"Ndogo tu, mama. Waya wake uko kwenye tundu la printa la kisanduku. Kioo kinahama, maandishi yanabaki kwenye kompyuta uliyotoka. Ukiurudisha tundu la kibodi, imepona."

"Mbona hujainama kutazama? Matundu yako nyuma, yameelekea ukutani. Na shida yenyewe sijakutajia. Huenda imemwagikiwa chai."

Hapo ndipo fundi alipoinama.

"Jana yule karani mzee aliitumia hadi jioni, ikiwa nzima. Leo saa moja asubuhi ufunguo wa chumba hiki ulichukuliwa na nani? Nikusomee, au utasema mwenyewe?"

"Mimi."

"Kufanya nini?"

"Kuhamisha waya." Alitazama viatu vyake. "Orodha sikuitaka, mama, naapa. Nilitaka aniite. Kila ikikorofisha ananiita, ananivutia kiti, ananiambia 'asante, kaka.' Basi. Sikujua itafika huku."

Chumba kizima kikamgeukia karani.

"Mara kumi na moja," alisema polepole. "Umenitoa jasho mara kumi na moja, nusura nilale rumande, na mama yangu apoteze zamu ya macho. Kwa sababu umeshindwa kuomba namba ya simu?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mara ya kwanza."

Metroni akakohoa, akakumbuka kwamba mafaili ya karatasi yapo, orodha itaandikwa upya, na mama wa karani atabaki palepale alipokuwa.

Inspekta alimfunga fundi pingu. Walipofika mlangoni, karani akauliza, "Mama, mahabusu wanatembelewa siku gani?"

"Jumamosi."

"Nitakuja. Nina maneno yangu ya kumwambia, na hapa pana wagonjwa."

Katika miaka yote ya kazi, Inspekta hakuwahi kumpeleka kituoni mtuhumiwa anayetembea haraka namna ile.