Mikono Mfukoni

Majirani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyejua kushona pindo kama yeye. Alitumia kiti cha magurudumu. Kila alipotaka kutoka, mumewe, mwokaji mikate, alimsukuma. Dukani amsukume, hata kwa jirani wa mlango wa pili amsukume. Vishikio vya kiti vilijaa unga siku zote. Mapenzi nayo yakizidi huchosha.

Siku moja Bi Pindo alipata kazi katika kiwanda cha sare za shule. Angeanza Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Saa hiyo mumewe huwa mbele ya tanuri.

"Nani atakusukuma?" mume aliuliza. "Waambie haiwezekani. Shona hapa nyumbani."

"Miaka sita nashona hapa nyumbani. Nitakwenda, tena peke yangu."

Kesho yake alijaribu. Kwenye changarawe, magurudumu madogo ya mbele yalizama. Kiti kiliinama, akaanguka kifudifudi. Wapita njia walimwinua. Alilia kwa hasira, akafuta machozi. Kisha akamwambia mumewe, "Nipeleke kwa fundi wa viti. Safari ya mwisho ya kusukumwa."

Fundi wa viti alikuwa mama mwenye bisibisi sikioni na ulimi mkali. Jambo la kwanza aliuangalia mto aliokalia Bi Pindo.

"Nani ameweka godoro hili?"

"Mimi," alisema mume. "Nilitaka akae kama malkia."

"Malkia asiyefikia magurudumu yake! Mto umemwinua mno, mikono haifiki vizuri. Na huu mfuko wa vitambaa miguuni? Uzito wote umekwenda mbele. Ndiyo maana magurudumu madogo yanachimba chini."

Alimpima Bi Pindo, akampa mto wa kimo chake, unaokinga vidonda. Mfuko akaufunga chini ya kiti. Kisha akabana gurudumu moja kubwa mbele ya kiti. Yale madogo yakanyanyuka, hayakugusa tena ardhi.

"Hili linapita penye mashimo," alieleza. "Ukifika ndani, lifungue. Lakini jizoeze kwanza."

Akamgeukia mume. "Na wewe, shemeji, dawa yako hii hapa. Ukimwona anahangaika, tia mikono mfukoni. Muulize kwanza kama anataka msaada."

Siku nne Bi Pindo alijizoeza uchochoroni. Viganja vilimuuma. Hakuacha.

Jumatatu alitoka mapema. Mume alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Alimfuata hatua kumi nyuma.

"Mwenda pole hajikwai!" alipaza sauti.

"Mwenda pole huchelewa kazini!" mkewe alijibu.

Changarawe aliipita. Mbele ya geti la kiwanda palikuwa na mfereji mdogo. Gurudumu kubwa liligonga ukingo, kiti kikasimama. Mume alipiga hatua mbili mbele.

"Mikono!" Bi Pindo alisema bila kugeuka.

Mume akaitia mfukoni. Bi Pindo alirudi nyuma kidogo, akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele lilivuka. Ya nyuma yakafuata.

Mlinzi alifungua geti. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Bi Pindo aliingia ndani, hakuangalia nyuma.

Mume alibaki barabarani, machozi yakimtoka. Alitamani kupiga makofi, lakini hakuthubutu kuitoa mikono mfukoni.