Jiwe Lililofuata Barafu

Eliufoo alikuwa na mazoea yake. Asubuhi alikata majani ya migomba akawapa ng'ombe. Kama siku hiyo ni zamu yake ya maji, alifungulia mfereji uingie kwenye kahawa. Kisha alioga, akavaa koti lake la sufu, akaenda kutafuta wageni wa kuwapandisha mlimani. Alikuwa kiongozi wa wapandaji hapo Marangu, tena hodari. Kwamba ni hodari alilijua sana, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani alilorithi, kilipakana na cha mdogo wake, Efraimu. Katikati palikuwa na masale, ile mimea ambayo Wachagga huipanda mpakani. Ndugu hawa walipendana. Kila Krismasi walichinja pamoja, na kila mmoja alijua kipande chake cha nyama bila kuuliza.

Mwaka 1963 mpima mmoja wa Kizungu alimchukua Eliufoo hadi juu kabisa, kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hapo palikuwa na mwamba mkubwa kama nyumba, umepasuka katikati. Mpima alichukua jiwe moja, akalipaka rangi nyekundu. Akaliweka chini ya mwamba ule, mahali barafu ilipoishia. Akapiga picha. Akamwambia Eliufoo kwamba kila mwezi wa Septemba aje alitazame jiwe na barafu, na asikose hata mwaka mmoja. Baada ya hapo mpima akarudi kwao.

Septemba ya mwaka 1964 Eliufoo alipanda. Akalikuta jiwe, lakini barafu haikuwapo tena pale. Ilikuwa imerudi nyuma hatua kadhaa. Alifikiri kwamba kosa ni lake, kwamba jiwe lilikaa vibaya, na kwamba mpima akija atamgombeza. Kwa hiyo akalibeba jiwe, akalisogeza mpaka likagusana na barafu. Akapangusa mikono, akashuka akiwa ameridhika.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Barafu ikirudi, naye Eliufoo analisogeza jiwe. Masikini, alikuwa akiifanya kazi yake kwa bidii zote.

Efraimu hakuwahi kupanda mlima. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, mbele ya meza ya kuanikia kahawa, akautazama mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alikaa palepale miaka yote. Akaona kwamba weupe uliokuwa ukifika kwenye jabali moja jeusi haufiki tena.

Mwaka 1966, katika mkutano wa wanakijiji, Efraimu alisimama. Alisema kwamba barafu inapungua, na kwamba afadhali watu wajue mapema. Hakusema zaidi ya hayo. Eliufoo akafura. Aliona mdogo wake anamfundisha kazi yake mbele za watu.

"Mimi ndiye ninayekwenda huko," alisema. "Jiwe la mpima limegusana na barafu hadi leo. Huyu anautazama mlima kupitia kata ya mbege."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na Efraimu alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyezidisha kata moja ya pombe hiyo ya ndizi. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Lile la mbege likatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka uliofuata hakuchaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa. Hakulalamika. Aliacha tu kuvuka mpaka. Krismasi tisa zikapita, kila mtu akachinja peke yake, akala nyama yake kwa kununa.

Mwaka 1975 alikuja kijana mmoja, jina lake Prakash. Alizaliwa mjini Moshi, baba yake alikuwa akitengeneza cherehani huko, naye sasa alikuwa mpima wa serikali. Alikuja na ile picha ya zamani.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyelitunza jiwe."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi. Sijakosa hata mwaka mmoja."

Prakash alifurahi sana. Wakapanda pamoja siku nne, Eliufoo mbele. Walipofika, jiwe jekundu lilikuwa limeachana na barafu kidogo tu, kwa ule mwaka mmoja. Eliufoo akainama alisogeze kama kawaida. Prakash akamwuliza anafanya nini.

"Nalirudisha mahali pake."

"Umelisogeza mara ngapi, mzee?"

Eliufoo akahesabu kwa vidole. "Hii itakuwa ya kumi na mbili."

Prakash akakaa chini kwenye mawe. Hakumgombeza. Alitoa ile picha, akaitazama, akaitazama barafu, na Eliufoo akaona heri angegombezwa.

Mwishowe kijana akauliza, "Mzee, masale ya kihamba chako, jirani akirudi nyuma, unayang'oa na kumfuata?"

"Hapana. Kuhamisha masale ni dhambi."

"Na jiwe ni hivyohivyo. Alama haihami. Inayohama ni barafu. Ile nafasi kati ya jiwe na barafu ndiyo tuliyokuwa tukiitaka. Kila mwaka wewe umeifuta."

Eliufoo akaliacha jiwe lilipo.

Wakautafuta ule mwamba wa kwenye picha, uliopasuka katikati. Ulikuwa kule chini, peke yake, kwenye vumbi kavu. Prakash akatoa utepe. Kutoka mwamba hadi ukingo wa barafu zilikuwa mita sitini na nane. Basi walijua barafu imerudi kiasi gani kwa miaka yote kumi na miwili. Lakini mwaka upi ilikimbia na mwaka upi ilitulia, hakuna atakayejua tena.

Walipokuwa wakishuka, Prakash alimweleza mengine. Kule juu theluji mpya ni chache, nayo haitoshi kufidia ile inayoliwa na jua. Mambo haya hayaonekani kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja theluji inaweza kuanguka nyingi ikakudanganya. Ndiyo maana mtu hupima miaka mingi, mwezi uleule, kutoka alama ileile, na kuandika papo hapo. Eliufoo aliuliza kama mifereji itakauka. Prakash akasema maji mengi ya mifereji ni ya mvua ya msituni, kwa hiyo wanaokata miti kwenye chemchemi wasije wakasingizia barafu.

Kisha Eliufoo akamweleza habari za Efraimu, kigoda chake na jabali jeusi. Labda alitaka kuambiwa kwamba na mwenzake alikosea.

"Huyo ndugu yako alikaa mahali pamoja akatazama kitu kimoja," Prakash alisema. "Amepima vizuri kuliko wewe uliyekwenda."

Prakash alichora msalaba wa rangi kwenye ule mwamba, ambao hakuna mtu wa kuubeba. Akamwachia Eliufoo utepe na daftari. Kuandika Eliufoo alikuwa amejifunza mwaka uliopita, katika darasa la watu wazima la mwalimu Yuditha. Aliandika mwenyewe: Septemba 1975, mita 68.

Siku ya pili baada ya kushuka, alikata jani la isale pale mpakani. Kwa Wachagga, ukimletea isale mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukataa. Akavuka mpaka. Mektrida, mke wa Efraimu, alimwona akija, akasimama mlangoni bila kumkaribisha. Ndipo akaliona jani mkononi, akampisha.

Efraimu alikuwa kwenye kigoda chake, amegeuzia uso mlimani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Aliyekuja alimtambua kwa hatua zake.

"Nimekuletea isale," alisema Eliufoo. "Ulisema kweli. Mimi nilikuwa nikilisogeza jiwe. Sasa tumepima, na daftari ninalo hapa."

Efraimu alilipapasa jani, akalipokea. "Isale haikataliwi, kaka. Kaa." Kisha akasema, "Mlima siuoni tena, ni mwaka wa pili sasa. Nisomee hilo daftari."

Eliufoo akasoma mstari wake mmoja, polepole, kwa kidole. Efraimu akaurudia kwa sauti ya chini.

"Mita sitini na nane," alisema. "Na mwaka ule niliposimama mkutanoni, ilikuwa imerudi mita ngapi?"

Eliufoo akalifunga daftari. "Sijui."

"Hujui."

"Sijui, mdogo wangu. Sitajua kamwe. Nilizifuta mwenyewe."

Efraimu hakuonekana kushangilia. Alisema, "Basi andika hivyo. Wajukuu wasije wakadhani mwaka huo haukuwapo."

Tangu mwaka huo Eliufoo alipima kila Septemba, na katika mikutano ya kijiji watu waliliulizia daftari kwanza kabla ya kubishana. Ukilifungua, utakuta mita za kila mwaka kuanzia 1975, na kila mwaka zinaongezeka. Lakini ndani ya jalada, kabla ya ukurasa wa kwanza, kuna mistari kumi na moja, kutoka 1964 hadi 1974, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika uzeeni. Kila mstari una mwaka wake, na mbele ya kila mwaka ameandika: Sijui. Nilisogeza jiwe.